Foleni imetoka

Albamu yangu ya kwanza imetoka Ijumaa iliyopita. Inaitwa Foleni, ni singeli mwanzo mwisho, na ngoma zake karibu zote zinakimbia juu ya 220 BPM, yaani mapigo 220 kwa dakika. Anayeniuliza kwa nini muziki wa mbio namna hii nimeupa jina la magari yaliyosimama, naona hajawahi kukaa kwenye bajaji pale Magomeni saa kumi na mbili jioni. Singeli nyingi niliyoisikia maishani nimeisikia nikiwa nimekwama. Dereva kazima injini, mbele kuna lori la mchanga, mwendokasi zinapita pembeni kwenye njia yao, na nyuma ya siti spika inagonga kama inadai kodi. Magari hayaendi, muziki unakwenda.

Kwa wasionijua: nina kibanda Mwananyamala. Nauza chaja, protekta na earphone, lakini kazi iliyonilea ni kuingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Simu janja zilipojaa mjini watu waliniambia nifunge. Sikufunga, maana dereva wa bajaji hachomi bando lake kusikilizia muziki kutwa nzima. Anakuja na flashi. Na haniambii jina la wimbo wala la msanii. Anasema, "Dada, niwekee singeli za kukimbiza, za maneno mengi usinijazie." Au, "Zile za jana abiria wamezikataa, toa zote." Miaka ya kusikia sentensi kama hizo ndiyo shule yangu ya uprodyuza. FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, niliijua baadaye, kwenye kompyuta ileile ya kuingizia nyimbo, wateja wakipungua.

Sasa, albamu kwenye singeli ni jambo lenye ukakasi kidogo. Muziki huu haukuzaliwa uwe na wimbo wa kwanza na wimbo wa mwisho. Kule Manzese na Tandale, DJ wa kigodoro, ile sherehe ya mtaani ya usiku kucha, alichukua kipande cha kinanda cha mwanzo wa taarabu, kile kinachotangulia kabla mwimbaji hajafungua mdomo, akakizungusha na kukiongeza spidi, MC akakaa juu yake mpaka alfajiri. Ngoma ilikwisha umeme ukikatika au mjumbe akifika. Hakuna aliyeuliza inadumu dakika ngapi.

Ilipofika 2017, lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso kutoka studio ya Sisso, Mburahati. Kwa wengi wetu ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona singeli imekaa ndani ya kava, ina orodha na mpangilio. Mwaka uliofuata Bamba Pana akatoa Poaa, na 2022 DJ Travella akatoa Mr Mixondo. Hiyo ya Travella niliisikiliza kwa wivu wa kikazi. Karibu hakuna MC wa kukushika mkono, na bado huchoki.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwenye kigodoro MC ndiye anayekuambia uko wapi. Anataja majina, anachokoza, anatunzwa, anawaita akina mama mbele, anawarudisha nyuma. Biti inaweza kubaki ileile dakika ishirini na hakuna atakayelalamika, kwa sababu habari inatoka mdomoni. Ukimtoa MC, biti ileile inakuwa mashine ya kusaga ambayo mtu amesahau kuizima. Mimi nilitaka albamu isiyo na MC. Sina chuki nao. Rafiki yangu mkubwa ni MC, na mtamsikia huko chini. Nilitaka tu kujua kama sauti za barabarani peke yake zinaweza kufanya kazi ya mdomo.

Nikaanza na sarafu. Kila aliyepanda daladala Dar anaijua ile sauti: konda haombi nauli kwa maneno, anazitikisa sarafu kiganjani karibu na sikio lako mpaka unatoa. Nilizirekodi kwa simu, ndani ya kibanda nikiwa nimeshusha shata na kutundika blanketi. Za 50, za 100, za 200, na ile ya 500 iliyoanza kutumika 2014, ambayo kwangu ndiyo ina mlio mnene kuliko zote. Haihati zote za albamu, yaani ule mlio mwembamba wa juu kwenye biti, ni hizo. Hakuna hata moja niliyoitoa kwenye mafurushi ya sauti ya kupakua. Kwenye ngoma ya "Nauli" utaona haihati inasogea kutoka sikio la kushoto kwenda la kulia, inasimama, inarudi. Huyo ni konda anapita katikati ya siti. Snea, lile pigo kali la biti, ni kofi la konda kwenye bodi ya gari: pigo moja simama, mapigo mawili twende. Nilivyolipanga kwenye "Shusha", pigo moja likigonga peke yake biti nzima inakatika, yakigonga mawili inarudi. Mtu wa Dar haelezwi. Mwili wake unajua.

Kinanda ndicho kilichonichukua muda, na ndicho ninachojivunia.

Sikutaka kukata taarabu ya mtu. Lupu, yaani vile vipande vya kuzungusha, tulizokulia nazo zina wenyewe, wapo, wengine wazee sasa, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haisemi kwamba ukiongeza spidi wimbo unakuwa wako. Basi nikaenda Mbagala kwa mzee mmoja aliyepiga mchiriku, muziki wa mitaani, enzi zile za Casio ndogo na spika za kupasuka. Hataki kutajwa mtandaoni, nami naheshimu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Karibu. Kinanda hiki kina vitufe vilivyokufa, utavumilia?"

Nikamwambia hivyo vitufe vilivyokufa ndivyo nilivyovifuata. Tukafanya jaribio la kwanza kwa spidi ya albamu. Alipiga kidogo tu, akaondoa mikono, akacheka: "Hapo mimi sipigi, mwanangu. Hapo unanikimbiza." Na kweli, vidole vya binadamu vina mwisho wake, na hata vikifika, yale madoido ya pembeni, ule mteremko mdogo kabla ya noti kutua, yanakufa kwa haraka.

Njia ya zamani ya vigodoro ilikuwa kurekodi taratibu kisha kuvuta spidi, na sauti inapanda pamoja na mwendo. Ndiyo maana singeli za kale zina ule ukali wa juu kabisa. Siku hizi programu inaweza kuongeza mwendo bila kupandisha sauti, ila ukifika mbali inaacha mikwaruzo, na kinanda kinasikika kama kinaongea na simu mbovu. Nikakaa na kalamu. Rekodi ukiiongeza spidi mara mbili kamili, sauti yake inapanda oktava moja kamili. Si zaidi, si pungufu. Basi nikamwekea mzee mwendo wa 120, taratibu kabisa, anaoupiga huku anaongea na wajukuu, nikamwomba apige oktava moja chini ya mahali alipozoea. Nyumbani nikazidisha mara mbili: 120 ikawa 240, na sauti ikapanda mpaka palepale ambapo angeipiga siku zote. Ufunguo uleule, vidole vyake vilevile, madoido yote yamo, ila yanapita kwa spidi ambayo hakuna mtu anayeweza kuipiga. Nilipomrudishia akasikiliza kwenye spika ya simu, akairudia, akaniuliza, "Huyu ni nani?" Nikamwambia ni wewe mzee. Akakataa. Mpaka leo nadhani hajaniamini, lakini asilimia zake zimeandikwa na zinamfikia.

Ngoma zote zenye kinanda kwa hiyo ziko 240 BPM, na namba hiyo ina uzuri wake mwingine. Kwenye 240 kila pigo lina robo sekunde, na ba moja ya mapigo manne ni sekunde moja kamili. Unaweza kupanga muziki kwa kutazama saa ya ukutani. Niliweka sharti: isipite nusu dakika, yaani ba thelathini, kabla ya jambo kutokea linalombadilisha mchezaji anavyocheza. Si lazima liwe kubwa. Sarafu kunyamaza. Kiki, ule mdundo mzito wa chini, kuhama. Breki ya lori.

Ila spidi ina bei yake, na bei inalipwa na besi. Hili wanaotengeneza house na amapiano hawalijui kwa sababu hawajawahi kulihitaji. Kwenye 120 BPM kiki ina nusu sekunde ya kuvuma kabla ya mwenzake kuja. Kwenye 240, ukiiweka kila nusu pigo, ina milisekunde 125. Besi ya hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, inahitaji milisekunde 20 kukamilisha wimbi moja. Piga hesabu: mawimbi sita na robo hivi, basi, kiki nyingine ishafika mlangoni. Ukiiacha iwe ndefu zinapandana, spika inabaki na mngurumo mmoja usio na mdundo. Nikazikata fupi na kuzipandisha kutoka hezi 50 hadi karibu 80, zipate mawimbi mengi ndani ya muda uleule. Kwenye spika kubwa utasema albamu haina besi ya tumboni. Kweli haina. Ina besi ya kifuani, na spika za bajaji huko chini kabisa hazifiki kwa hiyo hazikosi kitu.

Ngoma ya mwisho, "Breki", nimeipeleka 300 BPM. FL Studio inakuruhusu mpaka 522, kwa hiyo bado nilikuwa na adabu. Kwenye 300 kuna mapigo matano kila sekunde, na ukigawa kila pigo mara nne unapata sarafu ishirini kwa sekunde. Hapo jambo la ajabu linatokea: sikio linaacha kuhesabu. Sarafu moja moja zinapotea, zinaungana, zinaanza kuwa sauti moja inayovuma chini. Nikaiongeza kidogo kidogo kisha nikaishusha, ili msikilizaji asikie mlango ule ukifunguka na kufungwa, mdundo ukigeuka sauti na sauti ikirudi kuwa mdundo. Ni dakika moja tu. Mama yangu alisema ni kelele. Ana haki yake.

Miksi nilifanya mwenyewe. Mastaringi, ile hatua ya mwisho ya kuweka sawa sauti ya albamu, nilimpelekea fundi Kinondoni, tukabishana kwa amani. Yeye alitaka albamu iwe na pumzi, karibu na -14 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti, ambako Spotify inasawazisha sauti zote. Mimi nilitaka kitu kinachoweza kushinda injini ya bajaji na honi za watu. Tukakubaliana afanye mara mbili. Wa mtandaoni wana yao, wa barabarani wana yao iliyobanwa mpaka jino la mwisho.

Na hapo nikajikuta naachia albamu mbili.

Ya mtandaoni ni rahisi kuelezea. Iko Bandcamp, iko na kwenye majukwaa mengine, Boomplay ikiwemo. Kampuni inayosambaza ilikuwa na orodha ndefu ya aina za muziki za kuchagua, ina mpaka nyimbo za kulalia watoto, singeli haimo. Nikachagua ya elektroniki, nikasonga mbele. Bandcamp inachukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, ila kuna Ijumaa maalumu wanausamehe mgawo huo, utaratibu ulioanza Machi 2020 enzi za korona, nami nilingoja moja ya Ijumaa hizo. Hela inaingia kwa binamu yangu Nairobi, kwa sababu kule PayPal na M-Pesa zimeunganishwa tangu 2018, halafu ananirushia na kukata ya soda. Walionunua kwanza ni wa Ujerumani na Japani. Mmoja aliandika kuuliza sarafu ni programu gani. Nimemjibu ni Benki Kuu ya Tanzania.

Ya barabarani ndiyo iliyohitaji akili. Nimeingiza nyimbo muda mrefu vya kutosha kujua kwamba redio nyingi za bei rahisi hazisomi flashi kwa herufi wala kwa namba. Zinapiga faili kwa mpangilio zilivyoandikwa kwenye flashi: iliyonakiliwa kwanza ndiyo inayoanza. Unaweza kuandika 01, 02, 03 mpaka ukome, mteja akifuta moja na kuongeza nyingine, faili mpya inakwenda kukaa kwenye pengo na mpangilio wako umekwisha. Albamu niliyoipima nusu dakika kwa nusu dakika ingepigwa mkia kwanza, katikati ikichomekewa gospeli.

Nikaiunganisha iwe faili mbili ndefu tu. Moja inaitwa Kwenda, nyingine Kurudi. Hazina pengo ndani, ngoma moja inaingia kwenye nyingine kama DJ angefanya, na hakuna kitufe cha kuruka mpaka ungeruka nusu ya safari nzima. Kwenda inapandisha, inaishia na "Shusha". Kurudi inaanza nzito, ina honi nyingi, inaishia na "Breki". Hata redio ikianza na Kurudi hakuna kilichoharibika. Wapo wanaolala Mbagala na wapo wanaolala Posta. Yule wa Kampala aliyeniuliza kama nitatoa kaseti, nimemwambia kaseti tayari ipo, pande zake mbili ziko kwenye flashi.

Halafu madereva wenyewe wakaanza kuirekebisha, kama nilivyotegemea. Siku ya pili alikuja mmoja wa kijiwe cha Makumbusho. "Dada, ngoma ni moto, ila inaongea na nani? Abiria anasubiri jina." Nikamwambia haina MC. Akanitazama kama nimemuuzia chips bila chumvi. Akasema abiria wa jioni akisikia kijiwe chake kinatajwa anatoa nauli bila kutikisiwa sarafu. Hoja ilikuwa nzuri. Nikampigia rafiki yangu MC, akaja kibandani baada ya Isha, nikamwekea upande wa Kwenda na maiki ya bei ya chini, akautembea wote bila kusimama. Kataja Makumbusho, kataja Mwananyamala A na B, kataja dereva mmoja aliyeoa majuzi, kamtania fundi wa mastaringi. Ni nzuri mno. Imeharibu kabisa wazo langu la albamu isiyo na MC, na ndiyo inayoombwa kuliko zote. Toleo hilo haliko mtandaoni na halitakuwepo, kwa sababu majina yale yana maana kilomita tano tu kutoka hapa. Vijiwe vingine vimeshaanza kuuliza lao litarekodiwa lini. MC anasema kila kijiwe kimtunze kwanza. Hilo wamalizane wenyewe.

Kava mmeliona: mgongo wa bajaji ya jirani umelowa mvua, namba imezibwa. Nilipiga kwa simu. Hakuna hadithi zaidi ya hapo.

Utaratibu ni huu. Mlioko mbali, Foleni iko Bandcamp kwa dola saba, faili za WAV zimo kwa wanaojua tofauti. Mlioko Dar njooni kibandani na flashi au memori kadi, Kwenda na Kurudi kwa pamoja ni shilingi elfu moja, ya MC ni ya vijiwe vilivyotajwa tu na inatolewa bure kwa dereva. Flashi ziwe zimefomatiwa FAT32, redio nyingi zinakataa aina nyingine. Wa mikoani nitawatumia kwa WhatsApp kama dokumenti, sio kama odio, jina la faili lisipotee njiani. Jumapili nafungua saa nane.